Mfinyanzi na Kigae Chake

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Ndani ya methali hii mna shutuma: fundi huwauzia watu vyungu vizima, kisha yeye na wanawe hula kwenye kigae. Ustadi huenda sokoni, mabaki hurudi nyumbani. Mara nyingi neno hili hutolewa kwa mzaha, anapoonekana mshonaji mwenye kanzu iliyochanika au seremala mwenye kitanda kilichopungua mguu. Hata hivyo linauliza jambo zito. Ubora wa kazi ya fundi ni haki ya nani kwanza: ya mnunuzi, ya familia yake, au ya jina lake mwenyewe? Na anapofariki, akumbukwe kwa kipi kati ya hivyo vitatu?

Maisha ya Warren MacKenzie yanatoa jibu linalostahili kupimwa. Alikuwa mfinyanzi wa Stillwater, mji mdogo ulio mashariki ya Saint Paul, jimboni Minnesota, na alifariki tarehe 31 Desemba 2018 akiwa na umri wa miaka 94. Nia yake ya kwanza ilikuwa uchoraji. Aliporejea kutoka jeshini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuta madarasa ya uchoraji katika chuo cha sanaa cha Chicago yamejaa, akaingia ufinyanzi kwa kukosa nafasi. Yeye na Alix, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa mkewe, walizoea kutazama vyombo vya mataifa mbalimbali katika makumbusho ya Field mjini humo. Wakagundua kwamba vile vilivyowagusa zaidi, viwe vya nchi gani, vilikuwa vimefinyangwa ili watu wa kawaida wavitumie kila siku.

Baadaye walikwenda St Ives, Uingereza, wakaishi na kufanya kazi kwa Bernard Leach kwa zaidi ya miaka miwili, hadi 1952. Leach alikuwa daraja la fikra za rafiki zake wawili Wajapani, mwanafalsafa Yanagi Soetsu na mfinyanzi Hamada Shoji. Waliamini kwamba uzuri wa kweli hukaa katika kazi ya fundi asiyejulikana, atengenezaye vitu vingi, kwa ajili ya wengi, kwa bei ndogo. MacKenzie alirudi Minnesota na imani hiyo, akajenga karakana yake, na kuanzia 1953 hadi 1990 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambacho kampasi yake ya magharibi mjini Minneapolis inapakana na mtaa wa Cedar-Riverside, makazi ya Wasomali wengi leo.

Katika miaka ya mwanzo mume alifinyanga kwenye gurudumu, na mke ndiye aliyepamba vyombo kwa brashi mara nyingi. Alix alifariki mwaka 1962, akaacha mabinti wawili. Tangu hapo mapambo ya brashi yakapungua sana katika kazi ya MacKenzie. Uzuri ukabaki katika umbo na katika rangi iliyoivishwa tanurini. Mtu anayezipanga bakuli zake kwa miaka anaweza kuuona msiba wa nyumba hiyo bila kuambiwa. Hapa methali inapata changamoto yake ya kwanza. Inachukulia kwamba karakana na nyumba ni mahali pawili, na kwamba kimoja hushiba kwa njaa ya kingine. Kwa fundi huyu, mkono wa mke ulikuwa sehemu ya chungu, na mkono ulipoondoka, chungu kilibadilika. Aliyeipenda familia yake hakuhitaji kuiacha kazi ili aithibitishe mapenzi hayo.

Kwa mnunuzi nako aliweka utaratibu wa ajabu. Karibu na karakana palikuwa na chumba cha kuuzia kisicho na muuzaji. Vyombo vilipangwa rafuni na bei zake, pembeni kikapu cha fedha; mgeni alichagua, akalipa, akajichukulia chenji mwenyewe. Bei aliziweka chini makusudi, ili mtu asiogope kunywea uji katika kikombe chake. Chombo kinachoogopwa, kwa mtazamo wake, kimekosa kazi yake.

Utaratibu huo haukudumu. Jina lake lilipokua, walitokea wanunuzi waliobeba vyombo kwa wingi na kuviuza tena kwenye mtandao kwa bei ya juu. Aliweka kikomo cha idadi kwa kila mtu, akaacha kutia muhuri wake chini ya vyombo, na mwishowe akakifunga chumba. Je, wachuuzi hao walimdhulumu? Kisheria hapana: walilipa bei iliyoandikwa. Lakini bei ya chini ya makusudi si bei tu, ni zawadi yenye sharti lisiloandikwa, yaani kitu kitumiwe. Anayejua sharti hilo na kulipuuza haibi fedha za fundi. Anaiba nafasi ya mnunuzi anayefuata, yule ambaye angekipeleka kikombe mezani. Ndiyo maana hasara kubwa ya kufungwa kwa chumba kile iliwaangukia majirani wa kipato kidogo kuliko fundi mwenyewe.

Hata hivyo, kusifu kutokuwa na jina kuna hatari yake. MacKenzie aliweza kuacha muhuri kwa sababu alikuwa na mshahara wa profesa na jina ambalo kila mtu alikwisha kulijua. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hawakuchagua hivyo. Vyungu vyao vimepikia nyumba nyingi za kusini mwa Tanzania, na wengi waliovifinyanga hawajulikani nje ya vijiji vyao. Milango ya Zanzibar na Lamu nayo hutajwa kwa jina la mwenye nyumba kuliko la aliyeichonga. Michael Cardew, mwanafunzi wa Leach, alipoanzisha kituo cha ufinyanzi huko Abuja, Nigeria, alimkuta Ladi Kwali akiwa tayari bingwa wa mitungi; leo picha yake imo katika noti ya naira 20. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alipita katika kituo hichohicho, na vyombo vyake, ambavyo havitiwi maji wala chakula, vimo katika makumbusho makubwa ya dunia. Kwa mabinti wa Afrika wanaofinyanga, jina lake ni mlango uliofunguliwa. Kulifuta kwa ajili ya unyenyekevu kungekuwa dhuluma nyingine.

Basi unyenyekevu ni fadhila kwa yule tu mwenye jina la kuweka kando. Aliyenyimwa jina anadai kwanza kulipwa. Kumbukumbu ya haki haina kanuni moja kwa mafundi wote: inauliza nani aliamua jina lisionekane. Kama ni fundi mwenyewe, heshima ni kulitii chaguo lake na kukitumia chombo, hata siku kitakapopasuka. Kama ni soko, mkoloni au mazoea, heshima ni kuuliza, kuandika na kutaja, wangali hai wanaojua.

Kila Mei wafinyanzi wa bonde la mto St. Croix hufungua karakana zao kwa wageni, na mkono wa MacKenzie unaonekana katika kazi za wengi wao. Wanafunzi wanajua walijifunza kwa nani. Watoto wa nyumba hizo wanajua tu kwamba bakuli fulani hukaa vizuri mkononi, na hugombania kulia humo.