Debe la Mahindi

Mtoto anakula shuleni kwa sababu gani: kwa kuwa mzazi wake amechangia, au kwa kuwa ni mtoto na ana njaa? Swali hili linaonekana jepesi mpaka ukae kwenye mkutano wa wazazi kijijini, mwezi wa pili, watu wakiwa hoi kwa palizi.

Nimekulia Dodoma vijijini, na shule yetu ya msingi ilikuwa na daftari la chakula. Kila mzazi alitakiwa kuleta debe moja la mahindi kwa mwaka, pamoja na sado ya maharage. Akileta, jina la mtoto wake linawekewa vema. Mchana wenye vema tulipanga foleni ya makande na bakuli zetu mkononi, wasio na vema wakakaa chini ya mbuyu mpaka kengele ilie. Jina langu lilikuwa na vema kila mwaka. Mama alihakikisha hivyo, hata mwaka ambao nyumbani tulikula mara moja kwa siku.

Kwa hiyo siwezi kuidharau hoja ya wazazi waliochangia. Mtu ameamka alfajiri, amelima, amepalilia, ameamia ndege kwenye uwele, kisha amejinyima debe zima. Jirani yake ameuza mahindi, fedha zimeishia kilabuni. Kwa nini watoto wao wale chungu kimoja? Ukimjibu kwamba watu tupendane, atajua hujawahi kushika jembe.

Anastahili jibu bora zaidi. Kwanza kuna mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua inaweza kunyesha upande huu wa kilima ikauruka upande wa pili. Daftari halitofautishi mvivu na aliyekosa mvua. Pili, hata kama baba ni mlevi kweli, aliyekunywa si mtoto. Mahakamani hatumfungi mwana kwa kosa la baba. Sijui kwa nini jikoni tumeona ni sawa.

Hata hivyo, majibu hayo mawili hayamrudishii mzazi debe lake, na yeye anajua kwamba wote wakila bure mwaka huu, mwakani hakuna atakayeleta. Hapo ndipo mikutano hukwama. Nadhani hukwama kwa sababu tunachanganya maswali mawili: chakula kitoke wapi, na gharama yake abebe nani.

Chakula kutoka mashamba ya karibu ni jambo jema. Hakihitaji lori la mbali, kinampatia mkulima soko, na mtoto anakula kitu anachokijua. Lakini gharama nayo ikibebwa hapohapo kijijini, ukame mmoja unakausha ghala la nyumbani na stoo ya shule kwa pamoja. Mwaka ambao mtoto anaihitaji zaidi sahani ya shule ndio mwaka ambao sahani hiyo haipo.

Wengine wameyatenganisha maswali hayo. Sheria ya Brazil ya mwaka 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua mazao ya wakulima wa familia. Mkulima anauza, hachangishwi, na mwanafunzi wa shule ya umma anakula bila kuulizwa mzazi wake amevuna nini. Mwaka huohuo Kenya ilianza mpango wa kuzipa shule fedha zinunue chakula katika masoko ya karibu nazo. Kwetu Tanzania, ada ilifutwa mwaka 2016, lakini chakula kikabaki mikononi mwa wazazi na jamii.

Piga hesabu ujue tunabishania nini. Mtoto akila gramu 100 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 za masomo, anamaliza kilo 19.4 kwa mwaka. Hilo ni debe moja na ziada kidogo. Shule ya watoto 400 inahitaji takriban tani nane. Kwa kaya moja iliyokosa mvua, debe hilo ni mlima. Kwa nchi inayolima mahindi mpaka ikauza nje, ni kitu kinachowezekana.

Hesabu hiyo hatukufundishwa darasani. Tuligawa maembe ya Juma na Asha, huku stoo imejaa magunia halisi. Shamba la shule pia lilikuwepo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe shamba pia, mwanafunzi ajifunze kwa kuzalisha. Nilipofika mimi, shamba lilikuwa limebaki bila somo. Aliyechelewa namba alipewa jembe. Tukajua kwamba kulima ni adhabu, na kwamba ukisoma kwa bidii utaiepuka kazi ya mama yako.

Na yapo ya kujifunza kwenye gunia. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri au iliyowekwa penye unyevu. Chakula cha karibu si lazima kiwe salama. Kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongoni, kuchambua punje mbovu, kupima unyevu: hilo ni somo la sayansi, na mtoto analipeleka nyumbani jioni hiyohiyo.

Lakini chungu hufundisha hata mwalimu akinyamaza. Waliokaa chini ya mbuyu walijifunza bei yao. Sisi wa foleni tulijifunza kula tukiwa tumewapa mgongo, na sina hakika nani aliharibiwa zaidi.

Ningependa serikali inunue mahindi ya mama yangu na kuyapika kwa ajili ya watoto wote. Hadi siku hiyo, michango itaendelea, na iendelee. Asiye na mahindi alete kuni, achote maji, alime shamba la shule. Asiyeleta chochote adaiwe yeye, kwenye ofisi ya kijiji, mtu mzima kwa mtu mzima. Daftari lisifike jikoni. Wazazi waliochangia watanung'unika, na wana haki. Wamnung'unikie mwenyekiti, diwani na mbunge, watoto wakiwa wameshakula.