Mtu Mmoja kwa Majina Matatu

 

Ndugu zetu Waislamu, mwezi wa Shaabani uliopita tulialikwa na ndugu zetu wa Bomet tukasome nao siku chache kabla ya Ramadhani. Waislamu wa huko si wengi. Ni wafanya biashara wa mjini, waajiriwa waliohamishwa kutoka pwani, na wachache wenyeji wa nchi. Ukitoka mjini ukapanda pande za Konoin huoni ila chai, kilima baada ya kilima, na baridi yake mtu wa Mombasa huijua kwa meno kabla hajaijua kwa ngozi.

Siku ya pili, baada ya swala ya Alasiri, alitujia kijana wa mji wetu, mwalimu wa shule huko, akataka kutuuliza faraghani. Akasema: “Sheikh wangu, nina baraza tatu katika simu yangu. Moja nawafasiria watu hadithi za Mtume, kwa jina langu. Ya pili nazungumza mpira na mashairi, kwa jina langu pia. Ya tatu naandika mambo ya huku, bei ya chai na vituko vya vijijini, kwa jina la kupanga. Watu wanilaumu kuwa sina msimamo, leo Bukhari kesho Arsenal. Je, nifunge zote nibakishe moja?”

Tukamjibu kwanza alilouliza, nalo jibu lake ni jepesi. Kushughulika na mambo mengi si aibu kwa mwanachuoni wala kwa mwanafunzi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki 1947, alitoa hapa Mombasa karatasi yake Sahifa mwaka 1930, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Hakuandika udhu na tohara peke yake. Aliandika juu ya kusomesha wasichana, na kuiga Wazungu pasipo kuchagua, na uvivu wetu sisi watu wa pwani, na watu wengine walimchukia kwa hayo. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Na mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ndiye aliyetufasiria Qurani kwa Kiswahili, na kalamu hiyo hiyo ikaandika tarehe ya Seyyid Said bin Sultan na khabari za wanavyuoni wa Kishafi. Hatukusikia aliyesema kuwa tarehe ilimharibia tafsiri.

Kwa hiyo mpira wako, mwanangu, hauna ubaya maadamu haukupitishi wakati wa swala wala haukutii katika kamari. (Twasema hili kwa kuwa kamari ya mpira imewala vijana wetu, na wengi huanza kwa mazungumzo tu.) Mtume ametufundisha kuwa katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuliacha lisilomhusu. Basi pima kila baraza kwa mizani hiyo, wala usijione huna budi kusema kila siku. Wenzako wachuma chai hurudi kwenye mti ule ule baada ya siku saba, kumi au kumi na nne, wakachuma majani mawili na chipukizi lake. Anayechuma kila kinachoota hupeleka kiwandani jani gumu.

Kijana akafurahi, akataka kuondoka. Sisi tukamzuia. Tukamwambia: umetuuliza juu ya baraza tatu, na mbili umezitaja kwa jina lako. Hiyo ya tatu ina nini hata jina lako lione haya kukaa humo?

Akanyamaza kitambo, kisha akatueleza. Karibu na shule yake pana kituo cha kununulia majani chai. Wakulima huleta majani yao, karani akayapima, nayo hayana budi yafike kiwandani siku ile ile, kwani yakilala mfukoni hupata moto yakaharibika. Kilo zile ndizo zitakazolipwa kila mwezi, na juu yake bonasi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mkulima akikatwa kilo moja ni ada ya mwanawe inayokatwa. Siku moja ya mvua, mkulima akamlalamikia kijana wetu kuwa karani amepunguza kilo. Kijana hakwenda kituoni, wala hakumuuliza karani. Usiku ule, kwa jina lake la kupanga, akaandika kuwa karani wa kituo hicho anakula kilo za wajane, akamtaja jina. Kufika asubuhi maneno yamekwisha kuenea Konoin nzima. Karani akasimamishwa kazi wiki sita. Mizani ikapimwa, ikaonekana ni sawa. Kilichokatwa ni uzito wa maji na wa mfuko, desturi waliyokubaliana wakulima wenyewe. Mtu akarudishwa kazini. Jina lake halikurudi.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye maudhui yetu, nayo haiko Bomet peke yake. Mtume ametaja kuwa katika watu waovu kabisa ni mwenye nyuso mbili, anayewaendea hawa kwa uso huu na wale kwa uso ule. Kuwa na baraza ya hadithi na baraza ya mpira si nyuso mbili. Ni mtu mmoja aliyeketi mahali pawili, na ukimwita jina lake huitika kote kuwili. Nyuso mbili ni kuwa na jina la kuhadharisha watu na usengenyi mchana, na jina jingine la kusengenya usiku.

Kijana alikuwa na nyudhuru. Alisema hakuzua, alinakili tu. Tukamkumbusha hadithi ambayo bila shaka amewafasiria watu kwa jina lake, aliyoipokea Imamu Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake, kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Na Suratul Hujurat aya ya 6 yatuamrisha tukiletewa khabari na fasiki tuipeleleze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Akasema aliifuta siku ya pili. Tukamuuliza, je, uliwafuta na walioisoma?

Kisha akasema neno lililotuhuzunisha kuliko yote: “Lakini Sheikh, yule si Mwislamu.” Laiti angalisoma sababu ya kuteremka aya za Suratun Nisaa, kuanzia ya 105. Wafasiri wamepokea kuwa mtu mmoja Madina, aliyehesabiwa kuwa Mwislamu, aliiba deraya, akamtupia wizi huo Myahudi, na jamaa zake wakaja kumtetea mbele ya Mtume. Qurani ikateremka kumtoa hatiani yule Myahudi, nasi twaisoma mpaka leo katika swala zetu. Mwenyezi Mungu amemtetea asiye Mwislamu kwa aya zisizofutika, nawe huoni haya kumwacha jirani yako katika dhana?

Akauliza afanye nini. Tukamwambia, Suratul Baqara aya ya 160 imewatoa katika laana ya wenye kuficha haki wale waliotubu, wakatengeneza, wakabainisha. Kutubu umekwisha, inshallah. Yamebaki mawili. Akasema akijitaja jina atachukiwa, huenda akahamishwa. Hatukumpunguzia, kwani hatukuwa na haki ya kusamehe kwa niaba ya mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi tulifuatana naye kituoni. Karani ni mtu mzima, mzee wa kanisa lake. Alimsikiliza kijana mpaka mwisho huku anapima mifuko, kwani foleni ilikuwa ndefu. Alipomaliza akasema amesamehe, ila ana ombi moja: maneno ya kumsafisha yaandikwe na kwa Kikipsigis pia, kwa sababu ndugu wa mkewe hawasomi Kiswahili vizuri, na wao ndio walioacha kuja nyumbani kwake.

Binti yake karani ndiye aliyefasiri. Yakaandikwa kwa lugha zote mbili katika baraza ile ile ya tatu, na chini yake jina la kijana na jina la babake. Kisha akaifunga. Ya hadithi na ya mpira zingali wazi.