Nauli na Uaminifu

Nauli ni fedha ndogo yenye maana kubwa. Mtu huitoa mfukoni bila ya kufikiri sana, kama atoavyo bei ya kiberiti; lakini ndani yake mna ahadi mbili. Abiria huahidi kulipa thamani ya safari yake, na msafirishaji huahidi kumfikisha salama mahali walipopatana. Ahadi hizi hazitiwi sahihi wala hazina shahidi. Watu wasiojuana majina huzifunga asubuhi, huachana baada ya muda mfupi, na kesho yake kila mmoja huzifunga tena na watu wengine. Basi yatupasa kuuliza: je, uaminifu wa mapatano ya namna hii waweza kulindwa na chombo, au hauna budi kukaa katika moyo wa mtu?

Swali hili si geni. Jina la teksi lenyewe limetokana na chombo cha kuhesabu. Katika miji ya Ulaya, bei ya safari ilikuwa chanzo cha ugomvi baina ya abiria na waendeshaji wa magari ya farasi. Mwishoni mwa karne ya 19 ikabuniwa taksimita, yaani mita ya kupimia mwendo na kuonyesha nauli, na mwaka 1907 ilifanywa kuwa lazima katika teksi za London. Faida yake ilikuwa dhahiri. Mgeni asiyejua njia alipata mtetezi asiyependelea upande wowote. Kwa hiyo asiyeona wema wowote katika chombo cha kuhesabu ameusahau unyonge wa mgeni.

Hapa Kenya pia hesabu imo katika jina. Husimuliwa kwamba matatu ziliitwa hivyo kwa sababu ya mapeni matatu, yaani senti 30, yaliyokuwa nauli yake hapo mwanzo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kuchukua abiria bila ya leseni maalumu, nazo zikaenea upesi mjini na mashambani. Ndani ya gari hizo liko jambo la kustaajabisha ambalo mazoea yametufanya tusilione. Aketiye nyuma humpa jirani yake nauli, jirani humpa wa mbele, mpaka imfikie utingo. Na baki hurudi kwa njia ile ile, mkono kwa mkono, mpaka kwa mwenyewe. Mikono hiyo ni ya watu wasiojuana, na ni nadra fedha kupotea njiani. Hakuna chombo kinachoilinda isipokuwa aibu njema na desturi.

Lakini fedha hiyo ikisha kumfikia utingo, mambo hubadilika. Katika gari nyingi mwenye mali hutaja kiasi cha fedha anachotaka kuletewa kila jioni. Baada ya kununua mafuta na kutimiza hesabu hiyo, kinachobaki ndicho riziki ya dereva na utingo. Siku ya abiria wachache, hesabu haipungui. Ndipo gari inapokimbizwa, abiria wakazidishwa, na nauli ikapandishwa mvua inapoanza kunyesha. Mwenye gari hulalamika kwamba anaibiwa. Dereva hulalamika kwamba anakamuliwa. Na abiria huwalipia wote wawili.

Mwaka 2014 serikali ilitaka nauli zote za matatu zilipwe kwa kadi badala ya fedha taslimu, ili kila shilingi ionekane. Mpango huo haukushika. Wengi walisema kwamba uliwashinda watu waliozoea kuficha. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Kadi ingemwonyesha mwenye gari kila shilingi iliyoingia. Isingemfundisha ni shilingi ngapi zilizo haki ya aliyeamka saa kumi za usiku kuitafuta.

Ushahidi wa jambo hili ulikuja na teksi zinazoitwa kwa simu, kama zile za Uber, zilizoanza kazi Nairobi mwaka 2015. Hapo simu hupima njia, hutaja nauli, na hukata fungu la kampuni kwa kila safari. Udanganyifu wa zamani ulipata kizuizi kikubwa. Je, ugomvi ulikwisha? La. Madereva waligoma zaidi ya mara moja, wakisema kwamba nauli ni ndogo na fungu la kampuni ni kubwa. Kanuni za serikali za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa asilimia 18 kwa fungu hilo. Simu ilijua kuhesabu barabara, lakini haikuweza kuamua nani astahili nini. Hilo lilibaki kuwa kazi ya watu.

Kufuli humzuia mwizi, lakini halimfanyi kuwa mwema. Mtu asiyeiba kwa kukosa nafasi hajajulikana bado kama ni mwaminifu. Uaminifu hujulikana pale utingo anapomwita mzee aliyeteremka akasahau baki yake, na pale mwanafunzi aliyerukwa katika kukusanywa nauli anaponyosha mkono akalipa. Wala wajibu huu si wa wadogo peke yao. Anayemdai mtumishi uaminifu wa kila senti, huku akimpangia hesabu isiyoweza kutimizwa kwa njia halali, anapanda magugu na kutaka kuvuna mpunga. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Haifai, basi, kukitupa chombo wala kukiabudu. Tukitumie kuzuia dhuluma pale kinapoweza, lakini tusikitwike mzigo wa dhamiri zetu. Vijana wasomao maneno haya watakuwa kesho abiria, madereva, wenye magari na wenye makampuni. Kila mmoja atashika nauli ya mwenzake kwa muda mfupi, na katika muda huo atakuwa na uchaguzi ambao hapana mita wala simu itakayomfanyia.