Mtoto ni wa Nani?

Wengi wetu tulivuka mpaka wa Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008 tukiwa na watoto mgongoni, vyeti vikiwa vimeungua pamoja na nyumba. Katika kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo, tuliulizwa majina na idadi ya watoto. Swali la ndoa lilikuja baadaye, na aliyelileta ni baba mmoja aliyeshuka kwenye bodaboda akimtafuta binti yake wa miaka miwili.

Mama alikuwa wa kabila lililofukuzwa, baba wa kabila lililobaki. Walikuwa wameishi pamoja miaka mitatu bila ndoa wala mahari. Baba alisikia tutahamishwa Kiryandongo, mbali sana, akataka mtoto arudi naye.

"Huna karatasi ya korti," mama akasema.

"Na yako iko wapi?"

Tuliketi nao mchana kutwa. Wazee wengine walisema bila ng'ombe hakuna baba. Wengine, mtoto ni wa ukoo wa mume. Tulibishana kana kwamba mtoto ni shamba tuliloliacha Eldoret.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2001 ilimtanguliza mama asiyeolewa. Lakini baba aliyeishi naye miezi 12 baada ya mtoto kuzaliwa, au aliyemkubali mtoto, au aliyemtunza, alipata naye wajibu wa mzazi. Ya Uganda humpa wajibu huo kila mzazi, bila kutaja ndoa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, ilisema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikalirudia hilo. Basi kukosa amri ya korti hakumfuti mzazi yeyote, wala hakumpi yeyote ruhusa ya kumnyakua mtoto usiku. Wakishindwa kuelewana, kuna afisa wa ustawi wa jamii, na kuna Mahakama ya Familia na Watoto.

Lakini wajibu ulio sawa hausemi mtoto atalala wapi leo. Sulemani alijua hilo alipoagiza upanga. Hapo sheria za nchi zote mbili huuliza jambo moja: ustawi wa mtoto. Tukamwuliza baba kama majirani zake watampokea mtoto wa mama yule. Aliinamisha macho, asijibu.

Tukiri pia: baadhi yetu tulitaka kumfukuza kwa sababu ya kabila lake tu. Hakuwa amechoma nyumba ya mtu. Tungemlipisha mtoto deni la watu wengine.

Waliandika mapatano kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wakatia sahihi. Mtoto abaki na mama. Baba atume matumizi, na aje kumwona upande huu, kwa kuwa mama hakuthubutu kuvuka.

Alifika Kiryandongo mara mbili, nauli ikamshinda, zikabaki simu. Binti amekua akiijua sauti ya baba yake kuliko uso. Sisi tuliokuwepo tungali tunabishana kama baba yule tulimtendea haki.