Vipimo vya Safina

Taurati yasimulia kwamba Nuhu, alipoamriwa kuunda safina, alipewa vipimo vyake kabla halijadondoka tone la kwanza la gharika: urefu dhiraa 300, upana 50, na kimo 30. Mola, aliye muweza wa kuokoa kwa neno moja, alipenda wokovu huo upitie katika hesabu ya mbao. Na kwangu mimi hiyo ni hoja tosha dhidi ya maneno yasiyokosa kusikika kila tarehe 21 Mei, wafiwa wapitapo hapa Nyakato kuelekea makaburini Igoma, walikozikwa watu wa MV Bukoba, kwamba yale ya mwaka 1996 yalikuwa kadari tu.

Sikanushi kwamba ajali ya kila mja imo mkononi mwa Muumba wake. Lakini meli ile iliruhusiwa abiria 430, na orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, ilhali wa daraja la tatu, pamoja na watoto wao, hawakuandikwa popote; hata ilipopinduka ikikaribia Mwanza, ikaangamiza watu zaidi ya 800, hapakuwa na awezaye kusema kwa yakini ni wangapi walioingia. Kumtwika Mungu taksiri ya namna hiyo naona ni kumsingizia.

Siku hizi chombo cha abiria chaweza kufungwa mtambo unaotangaza hewani jina lake, mahali kilipo, mwelekeo na kasi, pamoja na urefu na upana wake, hata aliye nchi kavu akakifuata kwenye ramani ya simu. Ni neema, nami naishukuru. Hata hivyo, mahali na kasi mtambo huvipata kwa setilaiti, bali kina ambacho chombo kimezama majini huingizwa kwa mkono wa baharia, nacho huwa kweli kadiri baharia huyo alivyo mkweli. Na idadi ya roho zilizomo, kwa kawaida, haimo katika matangazo hayo. Wala kujua mahali hakutoshi: kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa watu 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikitoka Bugolora siku ya gulio, kikiwa kimeikaribia mno gati ya Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa.

Kipimo cha chombo, basi, ni amana aliyokabidhiwa nahodha na karani wa tiketi, na aghalabu twasahau kwamba tumekabidhiwa na sisi abiria, tunaomsihi karani getini, "Mwanangu, nisogeze pembeni tu, nina mgonjwa ng'ambo." Karani anayekataa ombi hilo, huku moyo ukimuuma, yumo ibadani. Ningependa, kabla kamba hazijafunguliwa, hesabu ya waliomo, wachanga wa mgongoni wakiwamo, isomwe kwa sauti mbele ya wote na nakala yake ibaki nchi kavu. Na ikizidi iliyoandikwa katika cheti cha chombo, waliopanda mwisho washuke, awe ni tajiri, ofisa, au mimi.