Dorsetshire na Haki ya Mtu Anayezama

Dorsetshire ilikuwa manowari ya Uingereza, kruza nzito yenye mizinga mikubwa minane ya inchi 8. Ilijengwa katika karakana ya Portsmouth, ikashushwa majini Januari 1929 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Septemba 1931, chini ya Kapteni Arthur Power, ilikuwa miongoni mwa meli zilizotia nanga Invergordon, Scotland, wakati mabaharia walipogoma kwa kukatwa mishahara. Baadaye ilipangiwa kituo cha Afrika, kisha China. Novemba 1940 iliishambulia kwa mizinga pwani ya Somalia iliyokuwa mikononi mwa Waitaliano. Hadi hapo historia yake haina tofauti kubwa na ya kruza nyingine yoyote ya dola ile. Lakini kati ya Mei 1941 na Aprili 1942 swali moja liliifikia mara tatu, chini ya makapteni wawili: mtu anayezama, hata akiwa adui, anamdai nini yule awezaye kumwokoa, endapo kumwokoa kutahatarisha roho za wengine?

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 27 Mei 1941. Kapteni alikuwa Benjamin Martin, aliyeanza utumishi wake kama baharia wa kawaida na kupanda hadi ukapteni, jambo adimu katika jeshi lililozoea kupata maofisa wake kutoka familia za wenye nafasi. Alikuwa akisindikiza msafara wa meli za mizigo kutoka Sierra Leone alipopata habari kwamba Bismarck, manowari kubwa ya Ujerumani, inasakwa. Aliuacha msafara bila kungoja amri, akaifuata. Asubuhi hiyo Bismarck ilikwisha kuvunjwavunjwa na mizinga ya meli kubwa za Uingereza. Dorsetshire ikaikaribia na kuipiga topido tatu, na baada ya muda mfupi Bismarck ikapinduka na kuzama. Ilikuwa na watu zaidi ya 2,200.

Mamia walikuwa wakielea katika mafuta na baridi. Martin alisimamisha meli, na mabaharia wake wakateremsha kamba ubavuni. Mwanafunzi mmoja wa uafisa alishuka mwenyewe kujaribu kumwokoa Mjerumani aliyekatika mikono yote miwili. Kisha mlinzi wa zamu akaripoti dalili za nyambizi, moshi mwembamba kwa mbali. Martin akaamuru injini ziwashwe. Waliokuwa wameshika kamba, wengine wakiwa karibu kufika juu, waliburutwa na kuanguka. Dorsetshire ilikuwa imepandisha watu 86, ambao mmoja wao alifariki baadaye. Maori, manowari ndogo iliyokuwa jirani, iliwapata 25. Waliobaki waliachwa. Jioni nyambizi ya Ujerumani iliokota watatu, na meli moja ya Kijerumani ikapata wawili. Kruza Canarias ya Hispania ilipowasili baada ya siku kadhaa ilikuta maiti tu.

Martin hakuwa katili, na hofu yake haikuwa ya kubuni. Kila ofisa wa Uingereza wa rika lake alikijua kisa cha tarehe 22 Septemba 1914. Siku hiyo, katika Bahari ya Kaskazini, nyambizi moja ilizamisha kruza tatu kwa muda usiozidi saa mbili. Aboukir ilipigwa kwanza. Hogue na Cressy zilisimama kuokoa watu, zikapigwa zikiwa zimesimama. Walikufa zaidi ya 1,400. Huruma ya makapteni wawili ndiyo iliyozigeuza meli zao shabaha, na tangu hapo meli kubwa zilikatazwa kusimama mahali penye hatari ya nyambizi.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, aliligusa swali la namna hii zaidi ya miaka 800 kabla ya Martin. Katika kitabu chake cha misingi ya sheria, al-Mustasfa, anazungumzia chombo kilichojaa abiria ambacho kitazama na wote wafe, isipokuwa mmoja akitoswa. Anakataa mtu yeyote kutoswa. Maslahi, kwake, hayawezi kuhalalisha kupoteza nafsi isipokuwa yakitimiza masharti matatu: yawe ya dharura, yawe na yakini, na yahusu umma mzima, si kundi la watu waliokutana chomboni. Kwa mizani hiyo Martin ana sharti moja tu mkononi. Dharura ilikuwapo. Yakini haikuwapo, kwani moshi wa mbali si nyambizi. Na wenzake wa Dorsetshire, mamia kadhaa, hawakuwa umma mzima.

Hata hivyo hukumu hiyo haimwangukii moja kwa moja. Al-Ghazali anazungumzia kumtosa mtu aliye chomboni, Martin aliwaacha waliokuwa tayari majini. Wanafalsafa wengi, Philippa Foot miongoni mwao, wameshikilia kwamba kuua na kuacha kufa ni mambo mawili, na kwamba wajibu wa kutodhuru ni mzito kuliko wajibu wa kusaidia. Lakini kamba zinaivuruga tofauti hiyo. Mtu aliyekwisha kupewa kamba na kuishika hayuko katika hali ya mtu ambaye hakuonekana kabisa. Meli inapoondoka naye akiwa amening'inia, aliyeitoa amri hamwachi tu, anamwangusha. Hapa ndipo kisa cha Bismarck kinapokuwa kigumu kuliko mifano ya darasani, na hoja ya kwamba Martin "hakufanya kitu" haisimami.

Mara ya pili ilikuja tarehe 1 Desemba 1941, katika Atlantiki ya Kusini. Kapteni sasa alikuwa Augustus Agar, aliyepata nishani ya Victoria Cross kwa kuizamisha kruza ya Kirusi Oleg karibu na Kronstadt mwaka 1919, akiwa na mashua ndogo ya topido. Dorsetshire ilikuta Python, meli ya Kijerumani iliyokuwa ikizipa nyambizi mafuta na iliyokuwa imewabeba pia mabaharia wa Atlantis, meli nyingine ya Kijerumani iliyozamishwa siku chache kabla. Wajerumani waliizamisha Python wenyewe, na watu zaidi ya 400 wakabaki katika mashua na maboya. Agar hakusimama. Safari hii nyambizi zilikuwapo kweli, mojawapo ikamfyatulia topido ambazo zilikosa. Nyambizi hizo ndizo zilizowavuta na kuwabeba waliobaki, hata karibu wote wakafika Ufaransa.

Kwa hiyo uamuzi ni ule ule, matokeo mbalimbali. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliita jambo hili bahati ya kimaadili: watu wawili wakitenda sawa, mmoja hulaumiwa kwa sababu tu dunia haikumwendea vizuri. Agar hawezi kusifiwa kwa nyambizi za adui kuwaokoa wenzao. Kila kapteni apimwe kwa alichokijua alipotoa amri. Williams aliongeza jambo lenye uzito zaidi: hata aliyetenda ipasavyo hubaki na deni fulani kwa aliyeumia kwa mkono wake. Wanazuoni wa fikihi walikuwa na kanuni inayokaribiana na hilo, kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Ikipita, wajibu unarudi. Dharura huahirisha wajibu wa kuokoa, haiufuti. Kwa hiyo swali gumu kwa Waingereza linahusu saa zilizofuata, ambamo hakuna meli yao iliyorudi kutafuta walioachwa.

Mara ya tatu Dorsetshire yenyewe ndiyo iliyozama. Tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, ikiwa na kruza Cornwall kusini-magharibi mwa Ceylon, ilishambuliwa na ndege za Japani na kuzama kwa dakika chache. Katika meli hizo mbili walikufa 424. Waliosalia, 1,122, walikaa majini zaidi ya siku nzima, Agar akiwa miongoni mwao. Admirali James Somerville, aliyeshiriki pia kuisaka Bismarck, alijua kwamba kundi la manowari za kubebea ndege za Japani liko karibu, naye hakuwa na nguvu za kulikabili mchana. Alingoja. Siku ya pili alituma kruza Enterprise na manowari ndogo Paladin na Panther, zikawaokoa wote hao.

Walioachwa mwaka 1941 walikuwa adui. Hawa walikuwa wenzake Somerville. Ni vigumu kukana kwamba tofauti hiyo ilikuwa na uzito, ingawa sheria haikuitaja. Mkataba wa Hague wa 1907 ulizitaka pande zote kuwatafuta waliovunjikiwa na meli baada ya kila pambano, kadiri maslahi ya kijeshi yatakavyoruhusu. Mkataba wa Geneva wa 1949 uliondoa shurti hilo la maslahi ya kijeshi. Unataka hatua zote ziwezekanazo zichukuliwe bila kuchelewa, na kupima kinachowezekana bado kumeachiwa aliye kwenye daraja la meli.