Je, Aliyesahau Dhambi Yake Ameachwa Huru?

Wazazi wengi huuliza kama ni vema vijana wetu kucheza, au kutazama katika video, michezo ya kompyuta yenye kutisha. Tuchukue mmoja unaojulikana sana, tuupime.

Unaitwa Amnesia: The Dark Descent, nao ulitolewa mwaka 2010 na kampuni ya Frictional Games ya Sweden. Amnesia maana yake ni kupoteza kumbukumbu. Mwingereza mmoja, Daniel, anazinduka ndani ya ngome ya Brennenburg, nchi ya Prusia, mwaka 1839. Anaokota barua yenye mwandiko wake mwenyewe. Inamwambia kwamba alikunywa dawa kwa hiari yake ili asahau, na kwamba ashuke chini ya ngome akamwue mzee aitwaye Alexander.

Njiani hana silaha. Ana taa, na mafuta yake huisha. Akikaa gizani akili huvurugika. Akiwa kwenye mwanga, mazimwi humwona upesi. Hufumbua mafumbo ili njia ifunguke. Kurasa za shajara yake humfunulia kidogo kidogo neno zito: yeye mwenyewe alimsaidia Alexander kuwatesa wafungwa, maana aliahidiwa kwamba mateso yao yangemkinga na Kivuli kilichomfuata.

Watu wamegawanyika juu ya mchezo huu. Wako wanaousifu kwa sababu hofu yake haitokani na bunduki bali na giza na sauti. Wengine wanasema kukimbia na kujificha kunachosha, tena vyumba vya mateso vinageuza uchungu wa watu kuwa burudani.

Kwetu sisi jambo hili si la mbali. Wako kati yetu waliopita porini usiku, wakiwaziba watoto midomo. Mtu wa namna hiyo akikataa kutazama, asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Na kijana anayetaka kucheza awafikirie kwanza walio naye chumbani, kwa maana katika nyumba ya turubai sauti haina ukuta.

Hata hivyo, mchezo huu una fundisho. Nabii Nathani alimsimulia Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Mfalme akakasirika, akahukumu, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Mchezaji naye anamchukia mtesaji wa ngome ile, kisha anaona mikono ni ya Daniel.

Hapo ndipo swali letu linapotokea. Je, Daniel aliyesahau ana hatia bado? Dawa iliondoa kumbukumbu yake, haikuwarudisha wafungwa. Deni halifutwi kwa mdaiwa kupoteza daftari.

Wengine watasema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo ni njema, lakini tuangalie inatoka kinywani mwa nani. Ikisemwa na aliyeumizwa, ni dawa, naye ana haki ya kupumzika na kumbukumbu zake. Ikisemwa na aliyeumiza, ni njia ya kukimbia deni. Na ikiwa sisi majirani tunamwambia mjane asahau upesi ili kambi ipate utulivu, tunamtwika mzigo wa mtu mwingine.

Mchezo una miisho mitatu. Katika mmojawapo Daniel anamshinda Alexander, anatoka nje ya ngome akiona kwamba amelipa. Lakini wale walioteswa hawakuulizwa. Aliadhibu mkosaji mwenzake, akahesabu hiyo kuwa toba. Zakayo hakufanya hivyo. Alisimama mbele za watu, akasema kwamba kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Sisi hatuishi katika ngome ya mchezo. Hapa aliyeumiza na aliyeumizwa wanaweza kupanga madumu yao kwenye bomba moja la maji. Basi mwenye deni asingoje kufunuliwa na karatasi. Aende kwa mzee wa kanisa anayemwamini, aseme alilotenda, aulize kwa upole kama aliyeumizwa yuko tayari kumsikiliza. Akijibiwa kwamba bado, angoje. Msamaha una wakati wake, na mwenye kuupanga wakati huo si mkosaji.

Mungu atupe ujasiri wa kukumbuka yaliyo yetu.